Kabla hujamleta mzazi mjini, jua presha yake

Apimwe huko huko kijijini, kabla hujamkatia tiketi. Aketi dakika tano ameegemea, miguu chini, awe ameshakwenda haja ndogo, na nusu saa nzima asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Apimwe mara mbili, namba ziandikwe daftarini. Namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikifika 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, aonane na daktari kwanza. Msingoje kichwa kiume, presha mara nyingi haina dalili.

Nasisitiza kwa sababu kuhama kwenyewe kunaweza kuipandisha. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, matokeo yakachapishwa 1990. Mwezi mmoja tu mjini, presha zao zilishawapita wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha sodiamu, ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, imeongezeka, na potasiamu, madini yanayosaidia kuishusha, imepungua. Hiyo ni dalili kwamba chakula chao kilikuwa kimebadilika sana.

Kwa hiyo anza na jiko lako. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo pia chumvi ya mkate, soseji na viungo vya pakiti. Mama alipokuja kwangu niliamini mchuzi wangu hauna chumvi nyingi. Siku moja nikaamua kila chumvi ninayotia sufuriani niipime kwanza kwa kijiko. Hadi usiku vilikuwa vijiko vitatu, nasi tuko wawili, na kile kiungo cha pakiti sijakihesabu. Niliumia sana, maana yeye alikuwa anakula chochote ninachompakulia.

Ng'onda na papa mkavu waroweke, maji yale uyamwage. Magadi nayo ni sodiamu, hata kama hayaitwi chumvi; maharage yakilala ndani ya maji usiku kucha yataiva bila magadi. Na usimpe wali na chipsi kila siku ukidhani ndiyo heshima. Mchicha, viazi vitamu, ndizi na kunde alizozizoea ndizo zenye potasiamu. Mwenye maradhi ya figo, au anayemeza dawa za presha, aulize kliniki kabla ya kuzidisha vyakula hivyo, au kununua chumvi mbadala yenye potasiamu.

Onja maji ya kisima. Dar es Salaam visima vingi vina chumvi, na maji kama hayo yabaki ya kufulia. Chumba chake kisiwe upande wa baa, kwa kuwa kukosa usingizi usiku baada ya usiku nako hupandisha presha. Mtafutie mapema njia ya kutembea asubuhi, maana shamba alilokuwa analiendea kwa miguu halipo tena.

Kama anameza dawa, aje na za mwezi mzima pamoja na kadi ya kliniki, asiruke hata siku ya safari. Akishafika, mpime wiki ya pili na ya nne, uandike kwenye daftari lile lile.