Linda mgongo kazini, na usianze na uzito wa mzigo

Mgongo ulinikamata siku ambayo sikubeba kitu chochote cha maana. Nilikuwa napanga maboksi stoo, miezi mingi kazi ni hiyo hiyo, siku hiyo nikainama kuokota mkasi chini nikashindwa kunyooka kabisa, wenzangu wakasema mkasi ndo umeniumiza. Mkasi hauna kosa jamani, ni ile kuinama na kujipinda kila siku, inajilimbikiza kidogo kidogo mpaka siku moja mgongo unagoma.

Watu wengi wakisikia kuumia mgongo wanawaza kilo tu, kumbe umbali wa mzigo na mwili wako ni shida kubwa pia. Marekani kuna taasisi ya usalama na afya kazini, NIOSH, hesabu yao inasema mwisho wa kunyanyua ni kilo 23, na hiyo ni pale kila kitu kikiwa sawa, yaani mzigo uko karibu, hujipindi, hunyanyui kutoka chini kabisa na hurudii rudii. Sasa mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu bado uko sawa, ila ikifika sentimita 50 kiwango kinashuka nusu, kilo 11 na nusu. Boksi ni lile lile!

Kwa hiyo kabla ya kunyanyua, sogea. Kama boksi liko ndani ya shelfu livute kwanza mpaka ukingoni, liguse tumbo, ndo unyanyue. Likiwa chini tanguliza mguu mmoja pembeni yake, kunja magoti na nyonga, likumbatie. Tunaambiwa kila siku "chuchumaa, chuchumaa" lakini boksi pana halipiti katikati ya magoti, ukichuchumaa linakaa mbali zaidi na wewe, hapo bora ulisimamishe kwa upande mwembamba au uite mtu mshike wawili. Kuita mtu sio uvivu.

Afu kugeuka. Ukiwa na mzigo mkononi geuza miguu, usigeuze kiuno miguu ikiwa imeganda pale pale, maana kuinama na kujipinda kwa pamoja ndo kunaumiza wengi.

Asubuhi pia kuwa makini. Usiku ukiwa umelala zile diski, yaani pedi laini zilizo kati ya pingili za mgongo, zinanyonya maji na kuvimba, ndo maana mtu anaamka mrefu kidogo kuliko alivyolala, na saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama sana kunazibana zaidi. Anza na kazi nyepesi. Madereva nanyi, umeendesha masaa matatu unaruka chini unaanza kushusha mzigo hapo hapo, hapana, tembea dakika chache kwanza.

Kama wewe ndo msimamizi nakuomba sana usiishie kuwafundisha watu namna ya kunyanyua. Vitu vizito viwekwe usawa wa kiuno, sio sakafuni wala juu ya kichwa, toroli ziwepo na magurudumu yazunguke, na mzigo usukumwe badala ya kuvutwa. Mikanda ya kufunga kiunoni usiitegemee, NIOSH hao hao walishasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu ambaye hajaumia mgongo.

Wa kompyuta: ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, viwiko vikae karibu na mbavu, vifundo vya mikono vinyooke, miguu ifike chini. Ila hata kiti kizuri namna gani ukikigandia siku nzima utaumia tu, kila nusu saa simama, hata dakika moja.

Na maumivu yakishaanza usilale kitandani wiki nzima, misuli inazidi kukosa nguvu na kukakamaa, endelea kutembea kadiri unavyoweza, punguza tu kile kinachouma na mwambie bosi mapema kabla hujashindwa kabisa. Lakini ukiona mguu unakosa nguvu, au sehemu za siri na kati ya mapaja panakufa ganzi, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, usisubiri kesho wala usitafute wa kukukanda, nenda hospitali saa hiyo hiyo.