Ukiangushwa chini kwenye pambano la D&D ufanyeje, na ukitaka kumlaza adui uanzie wapi

Wachezaji wengi wanajua tu kwamba kuwa chini ni kubaya, wanaishia hapo, ndo maana utakuta mtu anamlaza adui kwa nguvu zote halafu anayefaidika ni adui mwenyewe. Naongelea Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete), kanuni za 2014 na za 2024, maana kwenye hili zinakaribiana sana, zikitofautiana ntasema.

Ukiwa chini, kila unaposhambulia unarusha d20 (kete za pande 20) mbili unachukua ndogo. Anayekushambulia akiwa ndani ya futi 5, yaani mraba wa jirani kwenye ramani, anarusha mbili anachukua kubwa. Akiwa mbali zaidi ya hapo na yeye anachukua ndogo, na hii ndo inasahaulika kila siku. Sio mishale peke yake, hata mwenye mkuki mrefu unaofika futi 10 akikaa miraba miwili toka kwako anachukua ndogo, kanuni inaangalia umbali haiangalii silaha, kwahiyo asogee. Uchawi wa kurusha kama shambulio nao ni hivyohivyo, ila ule ambao mlengwa ndo anarusha kete ya kujiokoa hauna habari na wewe umelala au umesimama, mpira wa moto unakuunguza vilevile.

Kuinuka kunakula nusu ya spidi yako (futi unazoweza kutembea kwa zamu), sio nusu ya iliyobaki. Spidi 30 unalipa 15, kwahiyo kama ushatembea 20 ndo ukaangushwa katikati ya zamu yako, utalala hapohapo mpaka zamu ijayo au utambae. Hakuchukui aksheni (tendo lako kuu la zamu), na hakumpi adui shambulio la bure (waliozoea toleo la zamani la 3.5 hapa ndo hubisha, kule kuinuka kulikuwa kunaponza kweli). Kutambaa kila futi 1 inakula 2, kwenye ardhi mbovu inakula 3. Kujilaza mwenyewe ni bure, na kama wanaokulenga wote ni wapiga mishale wa mbali basi piga shambulio lako kwanza ukiwa umesimama, halafu jilaze mwisho wa zamu.

Haya, kumlaza mwingine. Ukichukua aksheni ya kushambulia unaweza kutoa shambulio moja ukasukuma badala yake, unachagua kumsogeza futi 5 au kumlaza. Asiwe amekuzidi ukubwa zaidi ya daraja moja, kwahiyo binadamu analilaza zimwi vizuri tu, joka lililokomaa sahau. Kwa 2014 mnashindana kete za ustadi, ukakamavu wako dhidi ya ukakamavu au sarakasi zake. Kwa 2024 yeye anarusha kujiokoa kwa nguvu au wepesi, anachagua mwenyewe, dhidi ya 8 jumlisha nyongeza ya nguvu zako na bonasi ya umahiri (inayopanda na ngazi yako).

Ila kabla hujasukuma angalia foleni ya zamu kwanza!! Tuseme wewe ni askari mwenye mashambulizi mawili, foleni ni wewe, mpiga upinde wenu, zimwi, halafu mwenye panga. Shambulio la kwanza unalilaza zimwi, la pili unapiga kwa kete mbili, safi. Mpiga upinde yuko futi 60, anarusha anapata 18 na 4, anachukua 4, anakutazama kwa jicho baya. Zamu ya zimwi, spidi yake 40, linalipa 20 linasimama na bado lina 20 za kutembea, linakushushia rungu kama kawaida. Mwenye panga anafika zimwi lishasimama zamani. Umetoa shambulio zima ili moja lipigwe vizuri na mwenzio umemharibia. Foleni ingekuwa wewe, mwenye panga, mtawa wa ngumi, ndo zimwi, hapo laza bila kuuliza mtu.

Kama foleni imekaa vibaya, mkamate. Aliyekamatwa spidi yake ni 0, na mwenye spidi 0 haruhusiwi kuinuka, basi shambulio moja kamata, lingine laza, atabaki chini mpaka ajinasue, na kujinasua mwenyewe kunakula aksheni yake. Unahitaji mkono mmoja mtupu, kwahiyo ngao au upanga, kimoja wapo kipumzike. Kwangu mimi hii ndo matumizi bora ya mhusika mwenye misuli, japo mpiga upinde ataendelea kununa.

Kinachoruka kikilazwa kinadondoka, d6 (kete ya pande 6) moja ya madhara kwa kila futi 10, isipokuwa vile vinavyoelea hewani vyenyewe.

Na mkiwa wote wawili chini mmebanana jirani, ndogo na kubwa zinafutana, unarusha d20 moja tu ya kawaida, hata kama una sababu tatu za kuchukua kubwa, moja ya kuchukua ndogo inazifuta zote.