Kudai uchaguzi Uingereza chama tawala kinapobadili kiongozi

Oktoba 2022, bei zikipaa, Conservative, chama tawala wakati huo, walimweka Rishi Sunak kuwa waziri mkuu badala ya Liz Truss bila kura ya wananchi. Inaudhi, lakini ni halali: mpiga kura huchagua mbunge, si waziri mkuu.

Likijirudia, fungua ombi kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta kwanza kama lipo linalofanana, maana la pili hukataliwa. Andika dai moja, upate waungaji mkono 5. Kila anayetia sahihi abofye kiungo kwenye baruapepe, la sivyo haihesabiwi. Hapo sahihi zinaweza kupotea. Muda ni miezi 6: sahihi 10,000 hujibiwa na serikali, 100,000 hufikiriwa kujadiliwa. Lakini kuvunja Bunge mapema huombwa na waziri mkuu kwa Mfalme, kwa hiyo mbane pia mbunge wako. Barua iwe na anwani yako ya jimboni.