Soma vijiwe kwanza, megawati baadaye

Mgeni akifika Olkaria, kule Naivasha, Kenya, kwenye visima vya mvuke wa ardhini wa kuzalishia umeme, huutazama mvuke unaofuka mlimani akadhani ameiona nguvu yote. Wewe anza na vijiwe, yaani chengachenga za mawe zinazopandishwa na maji ya kuchimbia kisima. Chota sampuli kila mita 2, ioshe, andika kina kwenye mfuko papo hapo, kisha itazame kwa hadubini ingali na maji. Ikikauka, rangi hufifia.

Tambua mwamba wenyewe. Upande wa mashariki, ukishapita riolaiti na majivu ya volkano, utakuta basalti, ambayo ni mfuniko wa sufuria: inazuia joto lisitoroke. Chini yake kuna trakaiti, na humo, palipopasuka, ndimo visima vingi hupata mvuke.

Halafu tafuta madini yaliyozaliwa na joto. Ukiona udongo wa smektaiti, ungali chini ya nyuzi joto 200. Kloraiti huashiria zaidi ya 220 hivi. Epidoti, ile ya kijani chenye umanjano, huhitaji kama 240 kwenda juu, na hapo vijana hushangilia.

Ngoja kwanza. Mwamba ukipoa, epidoti haiondoki. Inakusimulia joto la zamani. Dondosha asidi kwenye vijiwe: povu likitoka, kuna madini ya kalsaiti. Kalsaiti iliyoota juu ya epidoti inanitia shaka kwamba mwamba umepoa. Kisima kikimaliza kuchimbwa, kiache kipate joto wiki kadhaa, ndipo ushushe kipimajoto. Madini na kipimajoto vikipingana, mimi huamini kipimajoto.

Na vijiwe vikikoma kupanda, usinune. Maji yamepotelea kwenye ufa, na ufa ndio njia ya mvuke. Mwamba wa nyuzi 300 usio na ufa hautakupa hata mvuke wa kuchemshia chai.

Sasa hesabu. Chukua mwamba wa kilomita 1 ya mraba, unene kilomita 1, joto nyuzi 260, na kikomo cha chini 180, yaani joto lililo chini ya hapo hulihesabu. Kila mita ya ujazo hubeba kama megajuli 2.7 kwa kila nyuzi. Zidisha, kadiria kwamba robo tu ya joto itatoka, asilimia 12 ya hiyo igeuke umeme, ugawanye kwa miaka 30. Unapata karibu megawati 7. Kama epidoti ilikudanganya na joto la kweli ni 240, zinabaki 5. Olkaria yenyewe ilianza na mtambo mmoja wa megawati 15, mwaka 1981, na mingine ikafuata. Kwenye ripoti yangu ningeandika 5, mpaka kisima kifunguliwe na mvuke upimwe.