Mwarobaini wa kunyunyizia mboga: tumia mbegu, usichemshe

Wengi wakitaka dawa ya mwarobaini ya kunyunyizia mboga huchuma majani na kuyachemsha. Lakini nguvu yenyewe imejaa zaidi kwenye kiini cha mbegu. Humo ndimo ilimo azadiraktini, inayowafanya viwavi waache kula na washindwe kujivua gamba vizuri, na joto kali huiharibu.

Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama, osha mbegu, anika kivulini mpaka zikauke kabisa. Zilizoshika ukungu tupa, usizionee huruma. Menya, kisha twanga viini kwenye kinu mpaka viwe chengachenga. Acha kabla mafuta hayajaanza kutoka. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji baridi, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike kwenye majani.

Nyunyiza jioni ya siku hiyo hiyo, maana jua nalo huivunja. Viwavi hawatadondoka papo hapo. Angalia kama kabichi inaongeza matundu mapya baada ya siku chache. Na hii si ya kunywa kabisa, iweke mbali na watoto.