Watoto, Maji na Jua: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoka Nyumbani

Likizo ikikaribia, wazazi wa Dar huanza kupanga: Kigamboni au Bagamoyo, Coaster ya kukodi au magari ya watu, nani atapika pilau, nani ataleta barafu. Chakula hujadiliwa wiki nzima. Jua halitajwi, kwa sababu tumelizoea, na kwa sababu tunaamini ngozi nyeusi haina shida nalo. Ngozi nyeusi inasaidia, hilo ni kweli, lakini haimalizi kazi. Mtoto mweusi naye hubabuka, macho humuuma, maji humwishia mwilini. Na katika msafara huenda akawemo mtoto ambaye rangi yake inamkinga kidogo sana, au haimkingi kabisa. Basi soma haya kabla hujafunga mabegi.

Anza na saa. Jua baya ni la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Huhitaji kifaa cha kulipima: mtazame mtoto na kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, mtoe juani. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mnamo tarehe 10 Oktoba, na siku hizo saa sita na ushei kivuli cha mtu karibu kinaishia miguuni pake. Kwa hiyo watoto waogelee asubuhi, mchana wale na kucheza michezo ya kukaa, wakirudi majini iwe saa kumi imepita. Gari liondoke mapema. Msafara unaofika ufukweni saa tano umeshaharibu ratiba yake wenyewe.

Kivuli nenda nacho. Usitegemee minazi: kivuli chake ni chembamba, kinahama kila dakika, na nazi zinaanguka. Mivinje ni afadhali. Bora zaidi ni turubai, kamba na miti minne. Hata chini ya turubai mtoto abaki na nguo, maana mchanga mkavu unarudisha juu kama asilimia 15 ya mionzi inayounguza, na povu la mawimbi kama asilimia 25.

Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha wazi masikio na kisogo, sehemu ambazo huungua mwanzo. Watoto wetu wengi hunyolewa kipara kwa ajili ya shule, na kichwa kilichonyolewa juzi ni ngozi tupu. Msichana aliyesuka mistari naye huungua kwenye ile mistari.

Nguo ni kinga bora kuliko losheni yoyote ya jua, ila chagua vizuri. Ishike nguo juu ya taa au dirishani: ukiona mwanga unapenya, na jua litapenya. Kitenge kizito au jezi ya rangi ya kukolea inafaa kuliko fulana nyeupe nyembamba, ambayo ikilowa hupitisha mionzi zaidi. Kwenye mitumba utapata fulana za kuogelea za mikono mirefu, zile zinazobana mwili. Ukiiona ya saizi ya mwanao, inunue hata kama hamna safari mwezi huo.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Usipime jua kwa joto. Joto unalolisikia mwilini ni kitu kimoja, na mionzi inayobabua ngozi ni kitu kingine. Hiyo mionzi, inayoitwa ya urujuanimno, haionekani wala haisikiki. Kusi ikivuma, wingu likitanda, maji yakiwa baridi, mtoto hasikii kitu, mtu mzima aliyekaa pembeni hasikii kitu, na muda wote huo ngozi inaungua. Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi. Nusu mita chini ya maji bado ipo kama asilimia 40 ya ile iliyo juu, kwa hiyo kuzama si kujificha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kuanzia 3 kwenye kipimo cha nguvu ya mionzi hiyo (UV Index), na Dar, hata Juni na Julai tunapovaa masweta, adhuhuri ya anga safi hufika 8 na kuzidi. Walio Arusha na Nairobi wasijidanganye na baridi yao. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10.

Haya nimeyaona kwa mtoto. Binti wa jirani yangu ana ualbino, na wakati huo alikuwa darasa la tatu. Mama yake ni mwangalifu kuliko mzazi yeyote ninayemjua. Mwishoni mwa likizo ya Juni watoto wa mtaa walipelekwa ufukweni na walezi wao wa mafunzo ya dini, naye mama alikuwa na zamu kazini, hakuweza kwenda. Alfajiri akamfungia mwanawe begi: losheni, pama, shati la mikono mirefu, soksi, miwani. Akamkabidhi mtoto.

Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi na kusi ilikuwa inavuma. Walipofika, mtoto aliuliza avae pama yake. Akajibiwa kwamba leo hakuna jua, aliache begi ndani ya gari lisilowe. Aliyemjibu ni mtu anayewapenda watoto na aliyewahudumia miaka mingi, na siku ile aliangalia juu, akaona wingu, akasema alichokiona. Binti akaingia majini na wenzake, amevaa fulana nyeupe na kapelo ya kuazima, akacheza tangu asubuhi hadi alasiri kwa raha zake zote. Hakulia. Hakulalamika hata mara moja. Angelalamika nini, wakati alikuwa anasikia baridi?

Walirudi magharibi, ngozi imeanza kuwa nyekundu. Kufikia saa mbili usiku masikio yalikuwa yamevimba, kisogo kimejaa malengelenge, mabega yameiva kupitia ile fulana iliyokuwa imemgandia, na juu ya miguu, pale kanda za ndala zinapopita, hapagusiki. Kuna mtu alikuwa ameshampaka dawa ya meno masikioni, ikabidi ioshwe huku analia. Tulikesha na mama yake tukibadilisha vitambaa vya maji. Hakuweza kulala chali wala ubavu, akasinzia amekaa, kipaji cha uso kimeegemea mto juu ya meza. Asubuhi alipelekwa zahanati. Shule zilipofunguliwa alibaki nyumbani, maana viatu havikuingia. Lakini kilichomliza mama yake ni lile begi. Lilirudi zipu imefungwa vilevile alivyoifunga, shati bado limekunjwa.

Ndiyo maana nasema begi peke yake halimkingi mtoto. Losheni ya kwanza apakwe nyumbani, kofia na shati avae kabla ya kupanda gari. Halafu zungumza na mtu mzima anayekwenda, uso kwa uso, umwambie: huyu apakwe tena saa fulani, huyu asivue shati hata kukiwa na wingu. Usitume ujumbe kwenye kundi lenye wazazi mia. Kama wewe ndiye mwandaaji, mteue mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni jua tu, asipewe jukumu la kupika wala la kupiga picha. Na mtoto mwenyewe afundishwe kusema kwa sauti, "Mimi naungua hata kukiwa na wingu." Yule binti anaisema sasa, na anawasemea na wenzake.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino, kuungua si jambo la usiku mmoja. Mwanao hana, au ana kidogo mno, ile rangi inayozuia mionzi, na kila kuungua kunamwongezea hatari ya saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Losheni iwe ya kila siku, hata ya kwenda dukani. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe, au ofisi za chama cha watu wenye ualbino, jinsi ya kuipata. Kidonda chochote usoni, masikioni au shingoni kisichopona baada ya wiki chache kionwe na daktari.

Kuhusu losheni yenyewe, angalia SPF, yaani kipimo cha kinga yake dhidi ya jua, iwe 30 au zaidi, iwe inahimili maji, na tarehe iwe haijapita. Mpake robo saa hadi nusu saa kabla hajatoka, rudia kila baada ya saa mbili, na kila anapotoka majini ukishamkausha. Paka nyingi. Watu hupaka tone la usoni wakadhani wamemaliza, wakasahau masikio, kisogo, nyuma ya magoti na juu ya nyayo. Kichupa cha mililita 100 hakitoshi watoto wanne kutwa nzima. Usiiache garini, joto huiharibu. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na mafuta ya watoto hayakingi jua, hata yaking'arisha ngozi vipi. Na losheni za kung'arisha ngozi zisimguse mtoto kabisa, zinaiacha ngozi bila ulinzi wake.

Kichanga chini ya miezi sita hapakwi losheni. Yeye kinga yake ni kivuli na nguo, na kusema kweli hana sababu ya kuwa ufukweni saa sita.

Hili la ndimu wengi hawalijui. Mihogo ya kuchoma ya Coco Beach huliwa na pilipili na ndimu, na watoto hupenda kukamua ndimu wenyewe. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, pale pale pataungua, pengine hata kutoka malengelenge, kisha pataacha mabaka meusi ya wiki nyingi. Mara nyingi hujitokeza kesho yake au keshokutwa, mikononi na kuzunguka mdomo, na mzazi akadhani ni mdudu au ni fangasi. Wakamulieni watu wazima. Mtoto akishaishika, aoshwe kwa sabuni kabla hajarudi juani.

Maji ya kunywa yatolewe kabla mtoto hajasema ana kiu. Soda si maji. Dafu ni zuri. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, anywe zaidi na apumzike kivulini.

Miwani ya jua iwe na alama ya UV400, yaani inazuia ile mionzi ya urujuanimno. Miwani myeusi isiyo na kinga ni mibaya kuliko kukosa miwani, kwa sababu giza lake huifanya mboni ipanuke na kupokea mionzi zaidi.

Akiungua licha ya yote, mtoe juani, mwagie maji ya bomba ya kawaida au mwekee kitambaa kilicholowa, anywe maji ya kutosha. Usiweke barafu, dawa ya meno, siagi wala asali. Malengelenge yasipasuliwe. Panadol ya watoto kwa kipimo cha umri na uzito wake inatosha kwa maumivu. Aspirini asipewe mtoto. Malengelenge yakiwa mengi, au akipata homa au akitapika, nendeni hospitali. Mtoto akiwa wa moto sana, akaanza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba au kuzirai, hiyo ni dharura ya joto kali: mvueni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari liwashwe muda huohuo.

Wanaobaki nyumbani au shuleni nao waangaliwe. Mtelezo wa chuma kwenye uwanja wa michezo saa saba mchana unaunguza mapaja. Uguse kwa kiganja chako kabla hajapanda. Ndala zivaliwe, mchanga wa mchana ni moto. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kama ni dakika za kununua vocha, hata kama amelala vizuri. Dawa nyingine huifanya ngozi iungue upesi, kwa hiyo kama mwanao yuko kwenye dozi, muulize mfamasia kabla ya safari. Fahamu maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Wahesabu watoto wanapoingia majini na wanapotoka, na anayewahesabu asishike simu. Boya la kupuliza halimfanyi mtoto awe mwogeleaji. Mkifika nyumbani, waogesheni chumvi yote itoke, wakague masikio na shingo kwenye mwanga mzuri kabla hawajalala, na chupa ya maji ilale karibu na kitanda.