Kabla Hujaketi kwenye Cherehani ya Kiwandani

Kama ulijifunzia cherehani ya nyumbani, usidhani umemaliza. Cherehani ya kiwandani ya mshono ulionyooka inaweza kupiga hata mishono 5,000 kwa dakika. Ukiikanyaga kwa mazoea ya nyumbani, kitambaa kitakuponyoka.

Funga nywele. Vua pete na bangili. Kata kucha. Vaa viatu vyepesi vinavyoshika mguu vizuri, siyo ndala.

Anza na kujifunza kusimamisha mashine. Toa uzi, weka karatasi yenye mistari, tembeza sindano juu ya mistari iliyonyooka, halafu pembe, halafu miduara. Zoezi hili linachosha, najua. Lifanye mpaka uweze kusimama kwenye kona yenyewe, siyo mishono mitatu mbele yake.

Ijue sindano. Ya kiwandani kwa kawaida ina shina la mviringo, haina ule upande bapa wa kukuongoza, hivyo ukiigeuza vibaya mishono itaruka. Kwenye cherehani ya mshono ulionyooka, mfereji mrefu ulio ubavuni mwa sindano hutazama kushoto, uzi unakoingilia. Kitambaa cha fulana kinataka sindano yenye ncha butu kidogo, inayopenya kati ya nyuzi bila kuzikata.

Sasa nisikilize kwenye hili la swichi. Mashine nyingi za zamani zina mota ya klachi: mota inazunguka muda wote ikiwa imewashwa, na pedali ndiyo inayoiunganisha na sindano. Ukizima, mota haisimami papo hapo. Inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, na ukigusa pedali sindano inashuka. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa nisisikie. Wiki ya pili nilizima, nikainama kutunga uzi, mguu ukiwa bado juu ya pedali. Sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikavunjikia humo. Nilichowaza kwanza ni kuficha, maana niliogopa kufukuzwa. Nikafunga kidole kwa kipande cha kitambaa nikaendelea kushona, damu ikavuja mpaka kwenye kola. Msimamizi alipoiona alisimamisha kazi, akazuia furushi lote la nguo nilizogusa, akaanza kutafuta vipande vya sindano. Viwili vilipatikana mezani. Cha tatu kilionekana hospitalini, kwenye picha ya eksirei, ndani ya kidole changu. Nilikuwa nimeona wanatuonea kwa kutudai kila kipande cha sindano iliyovunjika. Zile zilikuwa nguo za watoto. Kile kipande kingebaki kwenye mshono, kingemchoma mtoto shingoni.

Kwa hiyo: zima, ondoa mguu kwenye pedali, subiri mlio wa mota uishe kabisa, ndipo upeleke kidole. Hata mota ya servo, isiyozunguka bure, ifanyie hivyo hivyo. Sindano ikivunjika, sema saa hiyo hiyo.

Jizoeze pia kurudia hatua moja: kola tu, au mfuko tu, kipande baada ya kipande, upana wa mshono usibadilike, huku ukijipima kwa saa. Mgeni kiwandani mara nyingi hupewa hatua moja, hashoni shati zima.

Uliza kabla ya kuanza kama malipo ni kwa siku au kwa kipande, na nguo iliyoharibika inarudiwa kwa muda wa nani. Rekebisha kiti, mgongo utauma. Angalia mafuta. Usitoe kinga ya vidole hata wenzako wakiitoa ili wawahi. Na ukisikia mashine inagonga, simama, muite fundi mitambo.